Wakati Foreman Anauguza Jicho

Septemba 1974, nje kidogo ya Kinshasa, George Foreman alipigwa kiwiko na mwenzake wa mazoezi, na ngozi ya juu ya jicho lake la kulia ikachanika. Zilikuwa zimebaki siku chache tu apande ulingoni kutetea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu dhidi ya Muhammad Ali. Tarehe iliyopangwa, 25 Septemba, ikafutwa, na pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba. Waandishi wa habari wengi waliokuwa wamejazana mjini wakafunga mizigo wakarudi makwao. Mabondia wenyewe walibaki, maana Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire, ambaye serikali yake ndiyo iliyobeba gharama za shughuli hiyo, hakutaka kusikia habari ya bingwa kupanda ndege kwenda kujiuguza kwingine. Leon Gast, mwongozaji wa filamu kutoka Marekani aliyekuwa ameletwa kupiga picha za tamasha la muziki, naye akabaki na kamera zake. Kwa zaidi ya mwezi mzima akawa na Muhammad Ali asiye na kazi nyingine ila kukimbia alfajiri, kufanya mazoezi, na kuongea mchana kutwa.

Msikilizaji, mazungumzo ya leo ni ya sinema za michezo, na yanaanzia kwenye kiwiko hicho makusudi. Bila jeraha lile, When We Were Kings, filamu ya Gast, ingekuwa ya muziki yenye ngumi kidogo mwishoni. Muda wa kusubiri ndio ulioipa uhai.

Mpenzi wa mpira anayeingia kibanda umiza Jumamosi jioni, akalipa kiingilio chake na kubanana kwenye benchi na watu asiowajua, analipia kitu kimoja: hajui nani atashinda. Mtu akimpa matokeo kabla ya mechi kuanza, wanaweza kukosana mwezi mzima. Sinema ya michezo humnyima mtazamaji kitu hicho hicho. Anayeketi kutazama habari ya Ali na Foreman anajua tangu mlangoni kwamba Ali alishinda. Anayetazama habari ya Mandela na raga anajua kombe lilibaki Johannesburg. Hata hadithi ya kubuni ina dalili zake, maana bango la ukutani limeshaonyesha nani ni nani. Kwa hiyo mwongozaji ana deni. Amechukua wasiwasi wa matokeo, anapaswa kurudisha nini? Wapo waliolipa deni hilo vizuri sana, na wapo waliojaribu kulikwepa kwa kuyachezea matokeo yenyewe.

Gast alilipa kwa kumwonyesha mtu anayeogopa.

Ali wa mwaka 1974 alikuwa na miaka 32. Foreman alikuwa na 25. Mjini Kingston mwaka uliotangulia, Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Machi 1974 mjini Caracas akammaliza Ken Norton, raundi mbili vilevile. Frazier na Norton, kila mmoja, walikuwa wamewahi kumshinda Ali. Hesabu haikuhitaji mwalimu, na walioifanya walikuwa na hofu kwamba Ali angeumizwa vibaya. Ndani ya filamu, mwandishi Norman Mailer anakumbuka jinsi chumba cha Ali kilivyokuwa kimya kabla ya pambano, watu wake wakiwa na nyuso za msibani, na Ali mwenyewe ndiye anayewatania ili wachangamke. Baada ya kulisikia hilo, mtazamaji anayasikia upya maneno yote ambayo Ali ameyamwaga mbele ya kamera tangu mwanzo, majigambo, mashairi ya papo hapo, vitisho vya mzaha. Mtu huyo alikuwa akiongea ili naye ajisikie.

Foreman kwa upande wake alishuka Zaire akiwa na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani. Pengine kwa Mmarekani mbwa yule alikuwa rafiki tu. Kwa watu wa Kinshasa waliokuwa na umri wa kukumbuka, alikuwa mbwa wa polisi wa kikoloni wa Kibelgiji. Ali aliyaona hayo na kuyatumia. Alikimbia barabarani na watoto, akawafundisha kumwimbia, na kila alikopita umati ukawa wake: Ali, boma ye! Kamera inamwonyesha akiwapungia watu mkono kama mgombea wa kiti anayejua kura zimeshahesabiwa, huku Foreman akipiga gunia la mazoezi kwa nguvu inayolibonyeza katikati, na Ali akipita pembeni bila kulitazama. Au akijifanya halitazami.

Tamasha la muziki halikusubiri jicho. Lilifanyika 22 hadi 24 Septemba kama lilivyopangwa, na kwenye jukwaa moja walipanda James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz, Miriam Makeba, na wenyeji Franco na Tabu Ley. Mtu wa Afrika Mashariki aliyecheza dansi kwa nyimbo za Franco atashangaa jinsi filamu ya Gast inavyompita mwenyeji huyo haraka. Hapo ndipo filamu hii inapodaiwa. Wanaoeleza maana ya Kinshasa ni Mailer, George Plimpton na Spike Lee, Wamarekani watatu walioketi kitini miaka ishirini baadaye. Kutoka Afrika, mzungumzaji mkubwa ni mwigizaji Malick Bowens, yule aliyeigiza Farah katika Out of Africa. Wazairwa wanaonekana kwa maelfu, wanasikika kwa sentensi mbili tatu. Mwaka 2008 Jeffrey Levy-Hinte alizichukua picha za tamasha ambazo hazikutumika akatengeneza filamu nyingine, Soul Power, na anayetaka kuwaona wanamuziki wa Zaire walivyowapokea wageni wao aanzie hapo.

Kwa nini miaka ishirini? Kwa sababu ya pesa. Baada ya pambano kulizuka mgogoro wa nani anamiliki nini, na mikanda ikakaa bila kuhaririwa huku Gast akihangaika na mahakama na wafadhili. Filamu ilitoka mwaka 1996. Ucheleweshaji huo wa pili nao uliisaidia. Mwaka 1974 ingekuwa habari za michezo. Mwaka 1996 kila mtazamaji aliyemwona Ali akiropoka kwa kasi ile alijua kwamba maradhi ya Parkinson yalikuwa yamemnyang'anya sauti, na hakukuwa na haja ya msimulizi kulitaja.

Pambano lenyewe lilianza saa kumi alfajiri, ili Wamarekani waliolipia kulitazama kwenye kumbi za sinema kwao walione jioni. Katika raundi ya kwanza Ali alifungua kwa mkono wa kulia, bila kutanguliza wa kushoto. Mailer anaeleza kwa nini hilo lilikuwa tusi: mkono wa kulia una safari ndefu zaidi kufika, bondia wa kulipwa anauona ukija, na kumpiga nao bingwa wa dunia ni kumwambia kwamba ni mzito. Foreman alikasirika. Kuanzia raundi ya pili Ali akaegemea kamba, akajikunja nyuma ya mikono yake, akamwachia Foreman apige mpaka achoke, huku akimnong'oneza maneno sikioni. Raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde chache, makonde yakatoka mfululizo na Foreman akaanza kuzunguka akielekea sakafuni. Angalia mkono wa kulia wa Ali wakati huo. Umeshainuliwa kwa konde moja zaidi, mlengwa yuko wazi kabisa, na konde halitoki. Ali anamfuata kwa macho hadi anapofika chini.

Filamu ilipata Oscar mwaka 1997. Gast alipopanda jukwaani, mabondia wote wawili walipanda pia, na Foreman ndiye aliyemshika Ali mkono kwenye ngazi.

Kutoka Kinshasa hadi filamu ya Rocky ni hatua moja tu, na kiungo chake ni Ali yule yule. Miezi mitano baada ya kumwangusha Foreman, tarehe 24 Machi 1975, alipambana huko Ohio na Chuck Wepner, bondia wa New Jersey aliyekuwa pia akiuza pombe ili aishi. Hakuna aliyempa Wepner nafasi. Alimwangusha Ali katika raundi ya tisa (Ali alidai alikanyagwa mguu) na akadumu hadi raundi ya 15, mwamuzi akasimamisha pambano zikiwa zimesalia sekunde 19. Mwigizaji mmoja asiye na kazi ya maana, Sylvester Stallone, alilitazama, akarudi nyumbani akaandika. Waliotaka kuununua mswada wake walitaka nyota amwigize Rocky, bondia wake. Alikataa kuuza mpaka akubaliwe yeye.

Filamu ilitengenezwa kwa kama dola milioni moja, na umaskini wake unaonekana kila mahali kwa manufaa. Tukio la Rocky na mpenzi wake Adrian kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu liliandikwa liwe na umati wa watu. Pesa za kuwalipa hazikuwepo. Basi Rocky anamhonga mlinzi ili awape dakika kumi baada ya uwanja kufungwa. Adrian anateleza, Rocky anakimbia pembeni yake kwa viatu vya kawaida akisimulia mambo ya ngumi, na mlinzi anapiga kelele za dakika zilizobaki. Umati ungeliharibu tukio. Vivyo hivyo bango kubwa ukumbini lilichorwa kwa makosa, kaptula ya Rocky ikawa na rangi isiyo yake. Badala ya kuchora upya, waliandika mazungumzo: Rocky anamwambia mwandaaji wa pambano kwamba rangi si hiyo, naye anajibiwa kwamba haina umuhimu. Bondia anajua usiku huo kwamba hakuna anayemhesabu. Anarudi nyumbani, anakaa kitandani, anamwambia Adrian kwamba hawezi kushinda. Anachotaka ni kusimama bado kengele ya mwisho itakapolia.

Na kweli hashindi. Kinachostaajabisha ni namna mwongozaji John Avildsen anavyoyashughulikia matokeo. Mtangazaji anasoma alama za waamuzi, bingwa Apollo Creed anapata ushindi mwembamba, na mtazamaji anaweza asisikie hata neno, kwa sababu Rocky ametawala ukumbi akiita jina la mwanamke mmoja. Filamu imeyazamisha matokeo yake yenyewe ndani ya kelele. Ikashinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 1976, na usiku huo Ali alitokea jukwaani kumtania Stallone kwamba amemwibia hadithi. Katika sehemu ya pili Rocky alishinda, na baada ya hapo aliendelea kushinda, na kila sehemu ikawa na misuli zaidi na watu wachache zaidi. Vijana wa miaka ya themanini wanaomkumbuka Drago wa sehemu ya nne wasikasirike.

Sasa waje waliochezea matokeo. Mashtaka haya yana watuhumiwa wanaopendwa.

Dangal ya mwaka 2016 ni filamu nzuri. Aamir Khan anaigiza Mahavir Singh Phogat, mwanamieleka wa kijiji cha Haryana anayewafundisha binti zake mieleka huku kijiji kizima kikicheka. Khan alinenepa kwa ajili ya nusu ya filamu, kisha akapunguza uzito ule kwa ajili ya nusu nyingine. Sehemu ya kwanza, wasichana wakiwa wadogo, wakikatwa nywele na kushindanishwa na wavulana kwenye udongo, haina doa. Lakini ikikaribia fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi, mwaka 2010, mwongozaji anaingiwa na hofu. Anatunga kocha mwenye wivu anayemfungia baba chumbani asiione fainali. Anatunga fainali inayoamuliwa sekunde za mwisho kwa pigo la ajabu. Geeta Phogat wa kweli, mmoja wa binti hao, alishinda dhahabu ile bila kusumbuliwa sana, na baba yake hakufungiwa na mtu. Msichana wa kwanza wa India kupata dhahabu ya mieleka katika michezo hiyo, na amemshinda mpinzani wake waziwazi: kuna ubaya gani kuonyesha hivyo?

Chariots of Fire ya mwaka 1981 ina kosa dogo zaidi linalouma zaidi. Eric Liddell, Mskochi mcha Mungu, hakukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris ya 1924 kwa kuwa mchujo uliangukia Jumapili. Katika filamu anaipata habari hiyo akipanda meli kuelekea Ufaransa, na moyo wa mtazamaji unaruka. Liddell wa kweli alijua miezi mingi kabla. Alikuwa na muda wa kutosha kubembelezwa, kulaumiwa na kubadili mawazo, na badala yake akautumia kujifunza mbio nyingine, mita 400, ambazo alizishinda kwa sekunde 47.6. Mtu anayeamua jambo ghafla melini ni wa kusisimua. Mtu anayeliamua Januari na kuamka nalo kila asubuhi hadi Julai ana uzito mwingine, na huyo hakuwekwa kwenye filamu. Kilichobaki ni muziki wa Vangelis na vijana wenye nguo nyeupe wakikimbia ufukweni, na haidhuru, ni dakika mbili ambazo dunia nzima imeziiga, mara nyingi kwa dhihaka.

Cool Runnings ya mwaka 1993 inasamehewa, kwa sababu inachekesha tangu mwanzo na haijifanyi historia. Wajamaika waliokwenda Calgary mwaka 1988 kushindana kwa kigari cha barafuni hawakuwa wakimbiaji walioanguka kwenye mchujo. Wengi wao walikuwa wanajeshi, na Dudley Stokes alikuwa rubani wa helikopta. Walipopinduka kweli kwenye njia ya barafu, walitoka wakatembea hadi mwisho kando ya kigari chao. Kwenye sinema wanakibeba mabegani. Anayeweza kulitazama tukio hilo bila koo kukaza ajisifu.

Na ipo iliyobuni kila kitu bila aibu. Escape to Victory ya John Huston, mwaka 1981, inawapeleka wafungwa wa vita uwanjani kucheza na Wajerumani, na timu ya wafungwa ina Pelé, Bobby Moore, Osvaldo Ardiles na Mpolandi Kazimierz Deyna, pamoja na wachezaji kadhaa wa Ipswich Town. Golini yuko Stallone, aliyefundishwa kudaka na Gordon Banks. Michael Caine ni nahodha, na tumbo lake limemtangulia uwanjani. Hakuna hata chembe ya kuaminika. Lakini Pelé, mkono mmoja ameukumbatia kifuani kwa maumivu ya mbavu, anapojirusha kwa tikitaka, mwenye kibanda anaweza kuzima jenereta na watu wasiondoke. Ni filamu iliyotengenezewa wasimuliaji wa aina ya Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya, watu wanaoweza kuichukua picha ya Kizungu na kuitilia maneno ya mtaani mpaka waigizaji waonekane wamezaliwa Temeke.

Kuhusu Invictus ya Clint Eastwood, ya mwaka 2009, maneno machache yanatosha. Morgan Freeman anamwigiza Mandela kwa heshima kubwa, pengine kubwa mno. Fainali ya raga ya 24 Juni 1995, Afrika Kusini 15, New Zealand 12, inachukua muda mrefu na kumwacha asiyejua raga mahali pale pale alipokuwa. Walinzi wa Mandela, weusi wa ANC na weupe waliomlinda rais wa zamani, waliolazimishwa kushirikiana ofisi moja, ndio filamu ya kweli. Eastwood anawarudia kila mara kisha anakumbuka kwamba kuna mechi.

Filamu bora ya mpira wa miguu, kwa kipimo cha mazungumzo haya, haionyeshi mpira.

Tarehe 8 Juni 2005, Iran ilicheza na Bahrain kwenye Uwanja wa Azadi mjini Tehran kuwania kwenda Kombe la Dunia Ujerumani. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Jafar Panahi, ambaye binti yake mwenyewe aliwahi kuzuiwa mlangoni, aliwapeleka waigizaji wasio wa kulipwa hadi uwanjani siku ile ile ya mechi na kupiga Offside katikati ya mashabiki halisi. Wasichana wamevaa kama wavulana, mmoja amethubutu kuvaa sare ya jeshi. Wanakamatwa mmoja mmoja na kuwekwa ndani ya uzio wa chuma nyuma ya majukwaa, karibu kabisa na lango la kuingilia. Wanasikia umati ukinguruma. Hawaoni kitu. Na kamera inakaa nao.

Wanaowalinda ni askari vijana wa jeshi la lazima, watoto wa wakulima waliochoka, ambao nao wangependa kuiona mechi. Msichana mmoja anauliza maswali ambayo askari hana majibu yake: mbona wanawake wa Japani waliingia timu yao ilipokuja? Kwa sababu hawaelewi Kifarsi, anajibiwa, kwa hiyo hawasikii matusi. Hatimaye askari mmoja anachungulia kwenye upenyo na kuanza kuwatangazia. Nani ana mpira, nani kaukosa, nani kaanguka. Anatangaza vibaya, majina yanampotea, wasichana wanamkosoa maana wanawajua wachezaji kuliko yeye. Waliolelewa na sauti ya Leonard Mambo Mbotela kwenye redio ya Kenya, au waliokaa kimya kuzunguka redio ya betri moja kijijini, watakijua mara moja kilichomo kwenye uzio ule. Mechi inayosikilizwa ni kubwa kuliko inayoonekana, na hofu yake ni kubwa zaidi, kwa sababu msikilizaji hana la kufanya ila kumwamini mwenye macho.

Panahi hakujua matokeo alipoanza kupiga picha. Alikuwa tayari kwa mwisho wowote ule. Iran ilishinda 1–0, na mji ukamwagika barabarani, na basi lililokuwa likiwapeleka wasichana kituoni likakwama kwenye furaha. Ni nadra sana filamu ya kuigizwa kubeba matokeo yasiyojulikana hata na mwongozaji. Ilipata tuzo ya Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka 2006, haikuruhusiwa kwenye kumbi za Iran, na nakala zake za wizi zikaenea nchini humo. Oktoba 2019 maelfu ya wanawake walikata tiketi na kuingia Azadi kwa mechi ya kimataifa ya Iran na Cambodia. Ilikuwa 14–0.

Karibu zaidi na kwetu iko Queen of Katwe ya Mira Nair, ya mwaka 2016, na kabla hajatokea wa kusema kwamba sataranji si mchezo, aangalie jasho la watoto wale. Phiona Mutesi alikuwa muuza mahindi wa mtaa wa Katwe, Kampala. Alimfuata kaka yake hadi kwa mwalimu Robert Katende, mahali watoto walipopata kikombe cha uji pamoja na somo la sataranji. Nair ameishi Kampala na anaujua mji; matope ya Katwe ni matope, soko ni soko, na mvua ikija inaingia ndani. Sehemu kubwa ya waigizaji watoto walitoka humo humo. Madina Nalwanga, anayemwigiza Phiona, alionekana kwenye darasa la dansi, na naye alishawahi kutembeza mahindi barabarani. Lupita Nyong'o, kama mama Harriet, anaizuia filamu isiwe tamu kupita kiasi: ni mama mwenye hasira, mwenye kiburi cha maskini asiyetaka mtoto wake aahidiwe vitu visivyokuja.

Sataranji haipigiki picha kirahisi. Watu wawili wameketi, hawasemi. Nair anatatua hilo kwa kumtumia mtoto Gloria, aliyeigizwa na Nikita Pearl Waligwa, anayemweleza Phiona kwa maneno ya mtaani jinsi kete ndogo kuliko zote ikifika upande wa pili inavyogeuka malkia. Na pale Phiona anapokwenda Urusi kwenye Olimpiki ya sataranji ya 2010, hapambwi. Anashindwa, analia, anarudi Katwe akiwa amekwisha kuona hoteli yenye vitanda safi, na hapo ndipo tatizo lake linapoanza hasa. Nyumbani hapamtoshi tena, na kwingine hajafika. Disney iliyoigharimia haikurudisha pesa zake kwenye kumbi za sinema. Nikita alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 15, kwa uvimbe wa ubongo. Na kijana mmoja aliyerap kwenye muziki wa filamu hiyo kwa jina la Young Cardamom, mtoto wa Mira Nair mwenyewe, Zohran Mamdani, alichaguliwa kuwa meya wa New York mwaka 2025. Maisha hayana mhariri.

Kenya, nchi ya wakimbiaji, ilipata filamu yake kubwa mwaka 2021, Kipchoge: The Last Milestone, ya Jake Scott, kuhusu Eliud Kipchoge kukimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Picha ni safi mno. Shida ni kwamba siku ile hakukuwa na mpinzani. Walikuwepo wasaidizi 41 wa kumkinga upepo kwa zamu, gari lililomulika mwanga barabarani kuonyesha kasi, na rekodi ambayo haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia kwa sababu ya mambo hayo hayo. Kambi ya Kaptagat, ambako tajiri na mashuhuri kuliko wote anasafisha choo zamu yake ikifika kama wengine, inastahili saa nzima, na inapewa vipande.

Tanzania nayo ina dakika chache za picha ambazo zimezunguka dunia. Mexico City, 20 Oktoba 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda marathoni kwa saa 2:20:26. Medali zilikwisha kutolewa na watu wengi walikwisha kuondoka uwanjani pale John Stephen Akhwari wa Mbulu alipoingia akichechemea, goti limefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani, na kumaliza kwa saa 3:25:27. Alikuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Mmarekani Bud Greenspan, mtengenezaji wa filamu za Olimpiki, ndiye aliyeifanya habari hiyo ijulikane kote, na tangu hapo Akhwari anaonyeshwa kwa jioni hiyo moja tu, kama vile alizaliwa akichechemea.

Kijana wa Bongo Movie anayetafuta hadithi aanze mahali pengine kabisa. Aanze Edinburgh, Julai 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, miezi 21 baada ya Mexico. Marathoni ileile ndefu, goti lile lile. Akhwari alimaliza wa tano, kwa saa 2:15:05, haraka kuliko Wolde alipochukua dhahabu yake.